Tiketi Moja ya Mnara

Donato Larocca hakuwahi kuwa mtu wa kukaa kitako, na siku ile alizidi. Alikuwa amesafiri usiku kucha kwa basi kutoka kusini mwa Italia, amelifunga duka lake la vifaa vya ujenzi kwa siku moja tu, na jioni hiyohiyo basi lingemrudisha. Katikati hapo alitaka kuimaliza miji miwili, Lucca asubuhi na Pisa mchana.

Binti yake, Ilenia, alimfuata nyuma na jambo moja moyoni: alikuwa ameacha chuo. Sheria aliyoisomea Pisa ilimshinda, au yeye ndiye aliyeichoka, na tangu majira ya baridi alikuwa akichoma mikate myembamba ya unga wa dengu katika duka moja karibu na mto. Kazi aliipenda. Kumwambia baba ndiko kulikomtoa jasho. Kwao kila aliyehitimu chuo kikuu huitwa daktari, hata kama hajui kufunga kidonda, na Donato alikwishaanza kumwita hivyo kabla ya wakati.

Lucca waliizunguka kwa juu, kwenye ukuta wa mji. Ilenia akaamua kusema pale, chini ya miti. Alipofungua kinywa, baba alikwishateremka kutafuta kanisa. Kanisani akajikaza tena. Baba akamnong'oneza kwamba anamwombea mitihani yake, machozi yakimlengalenga. Nani angesema hapo? Chakula walikula wamesimama. Kwenye treni baba hakuketi, alisimama akimsimulia mama mmoja mwenye paka kikapuni jinsi binti yake alivyobakiza kidogo tu awe daktari. Yule mama akampongeza. Ilenia akashukuru, akajichukia.

Pisa walikwenda moja kwa moja kwenye ule mnara ulioinama, baba mbele, kiguu na njia. Akaenda dirishani, akarudi na tiketi moja.

"Moja tu, baba?"

"Yangu. Wewe ningoje hapa chini, daktari. Unadhani sijui mambo yenu?"

Aliyajua kweli. Mwanafunzi wa Pisa hapandi mnara ule kabla ya kuhitimu. Akipanda, chuo hakimalizi. Hata wasioamini mikosi hupita kando. Ilenia mwenyewe hakuwahi kuukanyaga, wenzake walimtania mpaka wakachoka. Na sasa mwiko huo ulikuwa umemletea pa kujifichia: angekaa kwenye nyasi, baba angepanda na kushuka, basi lingemchukua, na uongo ungeendelea kupumua. Ilikuwa rahisi mno, na urahisi ule ndio uliomchukiza.

Akaenda dirishani, akakata tiketi yake.

Baba alidhani ni mzaha. Foleni ilipoanza kuingia akamshika mkono, akamwambia aache utoto, atajiharibia. Ilenia akauchomoa mkono taratibu, akaingia mbele yake.

Ngazi za ndani ni za mawe yaliyolika, na kwa vile mnara umeinama, mara unasukumwa ukutani, mara unavutwa upande wa pili. Nyuma yake alimsikia baba akihema, akimwita kwa jina lake. Karibu na juu, mwanga wa mlango ulipoonekana, Donato akasimama.

"Ilenia, mwanangu. Shuka."

"Nimeacha chuo, baba. Tangu wakati wa baridi. Nachoma mikate."

Watalii wakajipenyeza kati yao, wakicheka. Donato aliegemea ukuta mpaka wakapita.

"Bado hujafika juu," akasema, kwa sauti ndogo ya mtu anayeomba. "Ukiishia hapa, haihesabiki. Tushuke wote. Mimi sitamwambia mtu."

Ilenia akamhurumia. Baba alikuwa tayari kuuacha mnara aliousafiria usiku kucha, ilimradi mlango wa binti yake usifungwe. Kidogo ashuke. Kisha akageuka, akazipanda ngazi zilizobaki, akatokea kwenye upepo karibu na kengele.

Mji wote ulikuwa chini yake, hakuutazama. Alitazama ule mlango mdogo. Watu walitoka, mmoja mmoja, na hakuna aliyekuwa baba yake. Akaanza kuogopa kwamba ameteremka, amekwenda zake kituoni bila kuaga.

Hatimaye kikatokea kichwa chake, nywele zimemganda kwa jasho. Donato akaketi sakafuni, mgongo kwenye jiwe, akanyoosha miguu.

"Kila Jumapili naenda makaburini kumsimulia mama yako," akasema. "Nimemhesabia kila mtihani uliofaulu. Sasa nikamwambie nini?"

Ilenia akakaa kando yake. "Usimwambie kitu. Jumapili nitakuja, nitamwambia mwenyewe."

Baba akajifuta uso kwa leso. Alikuwa bado ameumia, na hakumtazama aliposema, "Basi uje na huo mkate. Nami niuonje."