Buzito ya Chini ya Kitanda ya Mama Kabedi

Asubuhi ile ya mwezi wa tatu, 1993, Henri alikuwa amelala chini ya karavani, mugongo mu udongo, anatukana chuma.

Ile karavani, nyumba ndogo ya magurudumu mbili, muzungu mumoja fundi wa umeme aliiachaka hapa Musonoi, muji ya kampani ya shaba, mu 1991, wakati bazungu balikimbia. Henri aliitengeneza pole pole nyuma ya garaji, akingojea siku ya kuiuzisha. Haikuuzwa. Leo njo ilikuwa nyumba yake, juu ile nyumba ya kweli balishaichukua.

Batu ba Kasai bote ba Musonoi balipewa mpaka saa sita batoke, juu Bakatanga balisema hapa si kwabo. Konvoi ya magari kumi na ine ilikuwa ku rond-point, mu makutano ya barabara, na basoda babili tu ba kuisindikiza. Mwenye kubakia nyuma atajua mwenyewe na vijana ba fimbo, benye balikuwa banafukuza batu mu manyumba. Henri alizaliwa hapa hapa, Kasai hakuiona hata siku moja. Lakini baba yake aliitwa Mbuyi, jina ya Kasai, na ile ilitosha.

Shule aliiacha mapema, lakini hesabu ya kukokota aliijua kuliko balimu. Peugeot yake, gari ya zamani ya kubeba mizigo, ilikuwa na nguvu ya kukokota kilo elfu moja, haizidi. Karavani tupu ilikuwa kilo mia sita. Basi mizigo na batu ndani: mia ine, basi. Siku tatu alipima kila kitu ku balansi ya mahindi ya jirani Ngeleka: godoro, masufuria, sanduku ya bilamba, nguo zabo. Alikuwa anaandika na shoki ku ukuta. Mia tatu na mbili.

Ilibakia kitu kimoja chenye hakipimwe: mukwe yake, mama ya bibi mwenye alioa, Mama Kabedi, mwenye angesafiri mule ndani.

"Weka makumi munane," Blandine bibi yake alimwambia.

"Makumi munane kweli?"

"Basi weka makumi kenda. Lakini usiandike jina."

Mia tatu makumi kenda na mbili. Muzuri. Hesabu ilikuwa safi. Sasa juu ya nini, alipoijaribu mpaka ku pompe ya maji, ile karavani ilianza kutikisa mukia, kushoto, kuume, inavuta gari yote kama mbuzi mwenye hataki kwenda sokoni?

Alitoka chini, akafungua karavani ku boule, kile kichwa cha chuma cha nyuma ya gari chenye kinaishika. Akaweka pua yake juu ya balansi. Pua ilipaswa kulemea kilo makumi sita hivi. Sindano ilisimama ku kumi na tano.

"Kuko kitu mu matako ya hii karavani," alisema. "Kitu kizito."

Mu matako kulikuwa kitanda ya Mama Kabedi, na pazia, na Mama Kabedi mwenyewe ameikala juu yake tangu jua kutoka.

Na pale njo shida ilikuwa. Kwa batu ba Kasai, mwanaume haongee na mama ya bibi yake uso kwa uso. Hakule mbele yake. Kufunua kitanda yake? Afazali utembee uchi ku rond-point.

"Blandine, chini ya kitanda kuko nini?"

"Bilamba."

"Bilamba ya chuma?"

"Mi sikuangalia, Henri. Alifunga pazia."

"Kamuulize."

Akaingia, akatoka. "Anasema ni bintu ya mwanamuke."

Polycarpe alicheka. Alikuwa jirani yao, Mukatanga wa kaskazini, mwenye hafukuzwe, na njo yeye alibaazimisha jeki. "Bintu ya mwanamuke ya kutikisa karavani! Ndugu, ulioa mu nyumba gani?"

"Funga kinywa."

"Basi mi niingie. Mi si mukwe yake."

Sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Blandine! Ambia ule Mukatanga: nyumba yangu balishaichukua. Kitanda, hapana."

Polycarpe akaangalia biatu yake. Hakucheka tena.

Saa tano ilipita. Ku rond-point magari ilianza kupiga honi. Henri akatupa ufunguo wa bolti chini. Akageuka, akachuchumaa mbele ya gurudumu ya karavani, akaanza kuipigia makelele.

"We gurudumu, sikia! Njiani kuko mitelemuko. Karavani ikizidi buzito, njo itakuwa inasukuma gari. Frein ya Peugeot ni ya kusimamisha gari, si ya kusimamisha nyumba! Tutaingia mu muto sisi bote, na bibi yangu, na mutoto mwenye iko mu tumbo. Umesikia, gurudumu?"

Ndani mutu akagonga sufuria na kijiko.

"We sufuria, sikia na we. Nimeikala mu nyumba ya kampani miaka makumi tatu. Bwana yangu alikufa, nyumba ikabakia ya kampani. Kule tunakoenda hatuna hata ukuta ya kuegemea. Niko na saki munane ya simenti. Nitajenga. Hakuna mutu atakuja tena kuniambia toka."

Munane mara kilo makumi tano. Kilo mia ine! Henri alishika kichwa.

"Gurudumu, ambia sufuria: simenti iko hata Kasai."

"Sufuria inauliza: utaipata na nini?"

Henri akaenda ku gari, akateremusha sanduku yake ya bifaa, chuma tupu, kilo makumi tano. Akaitia mu mikono ya Polycarpe.

"Nichungie."

"Na kazi yako utafanya na nini?"

"Na meno."

Akarudi ku gurudumu. "Saki saba zishuke. Moja itapanda mu gari, mahali ya sanduku yangu. Na mwenye kuikala juu ya kitanda ashuke naye. Mu mutelemuko mutu haikale mu karavani."

"Ataikala wapi?" sufuria iliuliza.

Henri hakufikiri ile. Mbele kulikuwa kiti kimoja, cha batu batatu, bega kwa bega.

Kisha mulango ukafunguka. Mama Kabedi akatoka, kitenge kimefunika kichwa na uso, akapita mbele ya Polycarpe.

"Ingia, baba," alimwambia. "Ubebe pole."

Polycarpe alibeba saba mpaka chini, ya munane mpaka mu gari. Henri akapima pua tena: makumi tano na munane. Vijana babili ba fimbo balishafika. Mumoja aliikala juu ya simenti kama ni kiti yake.

Konvoi ilikuwa imeanza kutembea. Peugeot iliifikia, ikawa ya mwisho. Blandine katikati, mama ku dirisha, Henri macho mbele tu. Ku mutelemuko wa kwanza karavani ilifuata sawasawa, haikutikisa mukia.

Chini ya kitenge, mara ya kwanza tangu aoe, ile sauti ilimugeukia Henri mwenyewe.

"Saki moja itatosha nini?"

"Mahali ya kusimamisha mulango, mama."

Mama Kabedi akageukia ku dirisha.

"Na madirisha?"

Henri akakanyaga frein. Ilishika.