Kwikwi ya Cherehani

Kwa miezi mitatu, cherehani aliyoachiwa fundi na marehemu mama yake ilikuwa na kwikwi. Trrrr, inanyamaza. Trr, inanyamaza. Mkewe, anayepiga pindo na kushona vifungo nyuma ya pazia, alishaizoea kama alivyozoea mumewe anavyokoroma.

"Mashine imechoka hii," fundi alisema asubuhi hiyo. "Kuna mtu anaitaka. Tuiuze."

Hakusema kwamba bei yake alishaigawa kichwani kwenye mechi nne za Jumamosi. Abeti mara moja tu, arudishe vyote vilivyoliwa, halafu basi. Neno lilelile, basi, alilolisema hata wiki iliyopita.

"Mashine ya mama?" mkewe akatoa kichwa nje ya pazia. "Haiuzwi kabla haijaonwa na daktari wake."

Mchana daktari akafika: mtengeneza cherehani, kitambi mbele, mkoba wa bisibisi nyuma.

"Hodi! Shemeji, mgonjwa yuko wapi?"

Akaifungua, akaipuliza vumbi, akatia mafuta. Kisha akakaa, akakunja kitambaa kibovu na kukishona ncha hadi ncha. Trrrrrrrr. Haikusita hata kidogo.

"Huyu mzima kuliko mimi," alisema. "Kaka, hebu nione ulichoshona leo."

Fundi akampa mkono wa gauni la mteja. Mtengenezaji akaugeuza ndani nje, akapitisha dole gumba juu ya mshono taratibu. Fundi akaelewa anachotafuta. Kila ukisimama katikati ya mshono unarudisha sindano nyuma kidogo, uzi usifumuke, na pale panabaki kinundu. Jicho la mteja halikioni. Dole la fundi halikikosi.

"Kumi na moja," mtengenezaji akasema. "Mkono mmoja, umesimama mara kumi na moja. Mashine haijisimamishi, kaka. Inasimamishwa na mguu."

Fundi akatafuta utani wa kujibu. Yeye, ambaye huwa hakosi! Kabla haujaja, chini ya vipande vya vitambaa simu ikatetemeka, na mkono wake ukawa umeshaifikia. Hakuutuma. Aliutazama kama mkono wa mtu mwingine.

"Kumi na mbili," mkewe akasema polepole.

Fundi akaiweka simu mezani.

"Mke wangu, mashine haina kosa. Nabeti. Nilidhani nacheza tu, kumbe nachezewa. Wale wateja niliokwambia hawajalipa, wote wamelipa."

Mkewe akachomeka sindano kwenye kitambaa, akaiacha hapo.

"Nilijua wateja hawawezi kuwa wabaya wote mwezi mmoja. Nilidhani ni mwanamke. Kila mashine ikinyamaza, nasema haya, kapiga tena."

"Mwanamke angalau angeleta nguo ishonwe," mtengenezaji akadakia, na mkewe akacheka huku machozi yanamtoka. Fundi naye akalia, lakini kifua kilikuwa chepesi, kama mtu aliyetuliwa gunia.

Simu ikahamia mfukoni mwa mkewe, na fedha za wateja zikaenda huko huko. Mtengenezaji akamwandikia fundi kwa chaki mezani siku na saa ya kikundi kilichomsaidia mdogo wake kuacha kubeti. "Na Jumamosi, saa ya mechi, nakuja kushonewa suruali. Kitambi hiki hakipimwi haraka haraka."

Alipoondoka, fundi akafumua ule mkono wa gauni, kinundu kwa kinundu. Akaupanga upya, akaweka mguu.

Trrrrrrrrrrrr. Kutoka begani mpaka kwenye kifundo cha mkono, bila kituo.

Nyuma ya pazia mkewe aliacha kazi yake akasikiliza.

"Asante, mama," fundi akasema, mkono ukipapasa mashine. Halafu kwa sauti: "Na wewe asante, mke wangu. Kwa hayo masikio."

"Masikio bado yako kazini," likajibu pazia. "Shona."