Sauti ya Zumurrudi

Mwaka ule wa mia sita hamsini na sita wa Hijra, habari za dunia zilimfikia Bi Sutaita akiwa kwenye mvuke, mikono ya gauni kaikunja hadi viwikoni. Yeye ndiye aliyelishika hamamu la wanawake nyuma ya soko la washona viatu, mjini Damasko. Wanawake wakishavua nguo na kuketi juu ya mawe ya moto, hakuna jambo linalowakaa moyoni.

Kwanza walilalamikia baridi. Majira yalikuwa yamegoma kubadilika, jua likichomoza limepauka kama mtu aliyetoka kuugua, na maua ya miaprikoti yakachelewa. Kisha, siku moja, mke wa mfua shaba aliingia, akakaa bila kuomba maji.

"Baghdad imeanguka," alisema. "Watatari wameingia. Khalifa wamemuua."

Khatuni, ambaye kazi yake ilikuwa kuwasugua wateja, alisimama na kipande chake cha gunia cha kusugulia mkononi. "Shoga, wewe juzi ulituambia nyota imeanguka Homsi, kumbe taa ya jirani."

"Safari hii natamani ingekuwa taa ya jirani."

Hakuna aliyecheka. Wote walimgeukia Bi Sutaita, kwa sababu binti yake wa pekee, Zumurrudi, alikuwa ameolewa huko huko Baghdad.

Zumurrudi aliugua homa angali mtoto mdogo, na homa ilipoondoka iliondoka na masikio yake. Hakuwahi kutamka neno. Yeye na mama yake walisemezana kwa mikono, kwa lugha waliyoitunga wenyewe jikoni, na katika lugha hiyo binti alikuwa mtundu na mwenye maneno mengi kushinda mtaa mzima. Aliposwa na muuza karatasi wa Baghdad, mgane mpole aliyejua hali yake yote na aliyekaa Damasko miezi mizima akijifunza ile lugha ya mikono kabla ya kuthubutu kumuomba.

Wakimbizi walipoanza kufika, Bi Sutaita aliwafungulia mlango waoge bure. Alimuuliza kila mmoja habari za binti yake. Wengine walisema hawajui. Wengine walilia tu, naye akawaacha, akawaongezea maji ya moto. Kadiri wiki zilivyopita, maswali yake yakawa mafupi, mpaka yakabaki maneno mawili au matatu ya kujikongoja.

Ndipo akaja Nudhara. Alikuwa mwanamke wa makamo, nyayo zimepasuka, nywele zimeshikana kwa vumbi la njia. Khatuni alimsugua muda mrefu bila mzaha wowote. Alipomaliza, Bi Sutaita alimpa mkate na dengu, akaketi mbele yake.

"Mtaa gani, dada?"

"Karkh."

"Nina binti huko. Zumurrudi, mke wa muuza karatasi."

Nudhara aliutazama mkate, kisha uso wa mwenyeji wake. "Namjua," alisema. "Alitoka salama. Waliondoka na mumewe kuelekea Mosul kabla mji haujazingirwa."

"Unamjua vizuri?"

"Tulikuwa majirani. Asubuhi akikanda unga alikuwa anaimba. Ana sauti nzuri binti yako, mtaa mzima ulikuwa ukinyamaza kumsikiliza."

Bi Sutaita alimsogezea bakuli la dengu. Alijua papo hapo kwamba mwanamke huyu hajawahi kumtia Zumurrudi machoni. Khatuni, aliyekuwa akikamua taulo pembeni, alijua pia, akafungua kinywa. Bi Sutaita alimtupia jicho moja tu, na kinywa kikafungwa.

"Kula," Bi Sutaita akamwambia mgeni. "Ukimaliza nitakuonyesha pa kulala."

Hivyo Nudhara akabaki, akachochea moto wa hamamu, akakunja mataulo, na kila alipoulizwa, na mara nyingine bila kuulizwa, akasimulia habari za Zumurrudi. Jinsi alivyobishana na muuza samaki mpaka mtu wa watu akakimbia na mizani yake. Jinsi alivyowatania wakwe. Jinsi alivyomwita mumewe kutoka darini, jina zima na la baba yake, watu wakadhani kuna moto. Bi Sutaita alisikiliza huku akikata sabuni vipande, na siku nyingine alitabasamu.

Khatuni hakuweza kuvumilia. "Bibi, huyu mtu anakula mkate wako kwa uongo."

"Mkate ni wangu."

"Na uongo je?"

"Huo nao niachie."

Kiangazi kilifika kwa kujivuta. Habari zikaja kwamba Wafaranji, wale Wazungu wa vita vya msalaba walioshika Akka, wamegawanyika, wanazamishiana majahazi bandarini mwao wenyewe, na Khatuni akasema walau mwaka huu kuna mtu mwingine mwenye akili mbovu. Baada ya hapo ukaja ugonjwa, ambao watu walisema umeletwa na upepo wa kutoka Iraki. Hamamu likafungwa. Khatuni aliugua vibaya, na Nudhara ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko na kumbadilishia shuka, akivumilia matusi yake, maana Khatuni alikuwa mgonjwa mwenye mdomo.

"Unanimwagia shingoni, mzushi wewe," Khatuni alisema siku moja, sauti haina nguvu.

Nudhara alisimamisha kijiko. Hakuuliza ameitwa hivyo kwa nini. Alimfuta shingo, akaendelea kumlisha. Tangu siku hiyo hakumtaja tena Zumurrudi.

Khatuni akapona, na hamamu likafunguliwa. Vuli ilipoingia, mfanyabiashara wa karatasi aliyenusurika Baghdad aliuliza njia hadi mlangoni kwa Bi Sutaita. Alisimama nje, kwa heshima, akazungumza akiwa ameinamisha macho. Duka lake lilipakana na la mume wa Zumurrudi. Mume na mke hawakuwahi kutoka mjini. Mume aliuawa na Watatari kizingitini, na Zumurrudi wakamkuta ndani. Yeye na ndugu yake ndio waliowazika wote wawili, uani, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kufika makaburini.

"Ulimjua?" Bi Sutaita aliuliza.

Mtu yule hakujibu kwa mdomo. Alinyanyua mkono, akagusa kidevu kwa vidole viwili, kisha akafungua kiganja. Ilikuwa salamu ya ile lugha yao ya jikoni. Bi Sutaita akashika mwimo wa mlango.

Alipoingia ndani alimkuta Nudhara ameshaanza kufunga vitu vyake ndani ya shuka.

"Unakwenda wapi?"

"Nimesikia. Nilikudanganya, mama. Nilikuwa na njaa, nawe ulikuwa na uso ambao sikuweza kuunyima kitu. Nilidhani nitasema mara moja tu."

"Nilijua tangu siku ile ya kwanza. Mwanangu alikuwa kiziwi. Hakuwahi kusema neno."

Nudhara aliketi juu ya lile furushi. Akauliza, "Basi kwa nini uliniacha niendelee?"

"Kwa sababu nilikuwa nikijiuliza sauti yake ingekuwaje. Wewe ukaja ukaniambia." Bi Sutaita alijifuta uso kwa upindo wa mtandio. "Yule aliyebishana na muuza samaki. Huyo alikuwa nani?"

Nudhara alitazama sakafu. "Binti yangu."

"Anaitwa nani?"

"Sitti Ahli. Na wa kiume ni Faraji. Sijakaa matanga yao. Sikupata pa kukaa."

Walikaa matanga pamoja, mle ndani ya hamamu, juu ya mikeka iliyotandikwa penye mawe yaliyopoa. Majirani walikuja wakiwa na sahani za wali na zeituni, na msomaji akawataja marehemu wote wanne kwa majina. Khatuni alilia kushinda kila mtu, kisha akagombana na mke wa mfua shaba kuhusu nani atabeba masufuria.

Mwaka ulikuwa unaisha. Watu walisema Watatari wamegeuza farasi na watafika huku Shamu wakati wowote. Wengine walikwisha kupakia punda kwenda Misri. Nudhara aliuliza kama nao waondoke.

"Labda mwakani," Bi Sutaita alisema. "Alhamisi tuna bi harusi wa kuogesha, na mama yake ni mtu wa makuu. Twende tukaangalie kuni."