Shangazi wa Saa Nne

Kiwanda cha nguo kilipofungwa, wakubwa waliwaambia wafanyakazi kwamba uchumi umebadilika. Walilisema kwa upole, kana kwamba uchumi ulikuwa umewaaga kwa heshima. Mitambo, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakukuwa na mashine ya kusokota uzi iliyomshinda, alirudi nyumbani na ovaroli mbili na cheti cha utumishi bora. Cheti kikatundikwa ukutani. Hakiliwi, lakini kinapendeza.

Mkewe hakungoja uchumi ubadilike tena. Alipata kazi ya ulinzi kwenye ghala moja, akavaa buti, akawa anatoka alfajiri na kurudi jioni. Mitambo akabaki na sufuria, ufagio na binti yao wa miaka saba mwenye nywele za kuvunja chanuo. Kwa mdomo bado alikuwa kichwa cha familia. Aliyemuuliza aliambiwa kwamba yupo nyumbani kwa muda, kuna mambo anayafuatilia. Mambo yenyewe yalikuwa maharage jikoni.

Sasa, mtu aliyeunga nyuzi miaka kumi na tano hawezi kushindwa na nywele. Siku shule ilipotishia kumrudisha binti nyumbani kwa kichwa timutimu, Mitambo alimkalisha chini akamsuka. Mistari ikanyooka utadhani imepigwa rula. Mwalimu alipouliza kasukwa na nani, binti akajibu kama alivyofundishwa na babake: "Shangazi." Wiki mbili baadaye jirani mmoja alichungulia dirishani, akakuta shangazi ana ndevu. Alicheka hadi akakaa chini, kisha akaomba naye asukwe.

Toka hapo, saa nne asubuhi, waume wakiwa makazini au wakitafuta kazi, wake za watu waliingia chumbani kwa Mitambo mmoja mmoja, pazia limeshushwa, wote wameapa kufunga midomo. Walilipa kwa sabuni, sukari na unga. Mkewe aliambiwa vitu hivyo huletwa na shangazi huyohuyo, ndugu wa mbali upande wa mume, mama mwenye moyo wa kutoa. Mkewe akashukuru. Alikuwa amechoka mno kuuliza zaidi.

Jumapili moja akaja kaka mkubwa wa Mitambo, mlinzi wa jina la ukoo. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka sita hajafanya kazi, anakula jasho la mkewe mshonaji, ila kwake hilo liliitwa kupumzika. Alikuja kumwagiza shemeji yake aache ulinzi, kwani buti za mwanamke zinaidhalilisha familia nzima. Kabla hajafika huko, akamsifia binti nywele.

"Kanisuka shangazi, baba mkubwa."

"Shangazi yupi? Sisi kwetu tumezaliwa madume matupu, na baba hakuwa hata na dada."

Mke wa Mitambo ndiyo kwanza alikuwa anaingia kutoka zamuni. Akasimama mlangoni na buti zake.

"Ndiyo maana nakuta nywele za bandia kitandani kwangu," akasema.

Kaka mkubwa akamtazama mdogo wake, uso ukamchanua. Akasahau buti, akasahau aibu. "Shemeji, usikasirike," akasema kwa furaha isiyofichika. "Wanaume ndivyo tulivyo. Mimi nilidhani mdogo wangu kaisha kabisa, kumbe yumo!"

Mitambo akapima. Akinyamaza, atakuwa mzinzi mwenye heshima zake. Akisema kweli, atakuwa msusi. Na kwa aibu yake ya milele, alinyamaza. Alinyamaza hadi alipomwona mkewe ameinua macho kulitazama sanduku la nguo juu ya kabati. Hapo akaogopa kuliko siku kiwanda kilipofungwa.

"Shangazi ni mimi," akasema. "Nasuka. Namsuka mtoto, nasuka mtaa mzima."

Akaingia chumbani, akatoka na kikapu, akamwaga mezani chanuo, mafuta na mafungu ya nywele. Kaka mkubwa akarudi nyuma hatua mbili.

"Bora ungekuwa na hawara," akasema, akaondoka bila kuaga.

Mkewe hakuondoka. Alivuta kiti, akaketi, akavua kofia ya kazi. Nywele zake zilikuwa zimekatikakatika, zimebanwa nyuma kwa kipande cha mpira. Mitambo alijaribu kukumbuka ni lini aliziona mara ya mwisho, asikumbuke.

"Wanawake wa mtaa huu wanapendeza siku hizi," mkewe akasema taratibu. "Nikipishana nao narudi na wivu. Nasema wenzangu wana bahati, wana mtu wa kuwashika kichwa."

Mitambo alichukua chanuo, akaenda kusimama nyuma yake. Mkewe akaushika mkono wa mumewe, akaurudisha mezani, bila hasira.

"Leo nimechoka, baba watoto. Jumamosi sina zamu. Niambie tu wateja wako wanapanga foleni kuanzia saa ngapi, na mimi nije nipange."