Mpaka Uliohamia Chumbani

Jumatatu saluni hufungwa, kwa hiyo msusi alitandaza magazeti ya zamani kwenye sakafu ya chumba cha wageni, akalisogeza kabati kutoka ukutani na kuanza kulikwangua. Lilikuwa kabati la bei nafuu, la ubao ule wa vumbi la mbao lililoshindiliwa kwa gundi. Rangi nyeupe ilikuwa imebanduka chini ya mlango, pale ndoo ya kudekia ilipozoea kuugonga. Maji yaliingia humo, na ubao ukavimba kama mkate uliosahauliwa kwenye chai.

Alibandua rangi iliyolegea kwa kisu butu, akapiga msasa taratibu, maana ubao wa aina hiyo ukiukamia unakuachia shimo. Kisha akaziba pengo kwa gundi iliyochanganywa na vumbi la msasa, akaenda kubandika chai.

Aliporudi, palikuwa na chipukizi. Alilikata, akaziba upya. Mchana lilikuwa limerudi, na limekuja na wenzake.

"Umetumia gundi gani?" aliuliza mumewe, fundi wa friji, alipotoka kazini.

"Ile ya kopo la kijani."

"Ndiyo maana. Ile ina maji mengi."

Siku zilizofuata shina lilinenepa, likafika darini. Mumewe aliona haya kuliacha lijikunje, akatoboa dari na kukata bati, kisha akazungushia mpira wa mlango wa friji ili mvua isivuje. Walihamishia nguo kwenye masanduku. Jirani alikuja kuazima pasi, akautazama mti, akasema kabati la dada yake liliota uyoga tu, tena si wa kula.

Mti ulipozaa, mama yake msusi alikuja kuwatembelea. Alikuwa mjane, anaishi peke yake kwenye shamba aliloachiwa na marehemu mumewe. Alipelekwa chumba cha wageni kuweka mkoba wake. Akapitisha kiganja kwenye gome, polepole, mpaka vidole vikagusa msumari.

"Hapa ndipo baba yako alipokuwa akitundika redio yake," alisema.

Msusi akainama kutazama. Msumari ulikuwa umeshika kutu kidogo.

Ulikuwa mzambarau wao. Uliwahi kusimama mpakani, kati ya shamba la baba yake na la baba yake mdogo. Mwaka baba alipofariki, baba mdogo alikuja kutoa pole na kueleza kwamba upepo umeung'oa mti na mizizi yake, nao umeoza, haufai hata kwa kuni. Kisha akajitolea kuweka seng'enge pale alipodai mti ulikuwa. Ikapita karibu na mlango wa jiko la mjane. Mama alisema mti haukuwa hapo. Akaambiwa alete shahidi.

"Kumbe haukuoza," mama alisema, akaketi kitandani. "Aliuuza kwenye kiwanda cha mbao."

Msusi akawaita baba mdogo na bwana ardhi, yule afisa wa mambo ya viwanja. Walifika mchana, wakavua viatu mlangoni.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mmependezesha nyumba."

Baba mdogo alichuma zambarau, akala, akatema kokwa kiganjani kwa adabu. Midomo ikawa ya rangi ya wino. "Ndio wenyewe," alisema. "Utamu huu siusahau."

"Kwa hiyo haukuangushwa na upepo?" msusi aliuliza.

"Mwanangu, yaliyopita si ndwele."

"Si ndwele kwako," mama alisema. "Mimi nikitoka jikoni na sufuria ya moto napita kiubavu, shemeji. Kama kaa."

Baba mdogo akatazama dari. Alisema fundi amefanya kazi nzuri sana pale kwenye bati.

Bwana ardhi aliuzunguka mti, akaukagua msumari, akapima unene wa shina kwa mikono yake. Alikiri kwamba mti ni uleule na kwamba ni alama halali ya mpaka. Shida ni mahali. Alieleza kwa upole kwamba mpaka hugawa ardhi ya pale ulipo, si ya pale ulikotoka, na huu upo chumba cha wageni. Kuhusu shambani, seng'enge ndiyo iliyopo. Kabla ya kuvaa viatu aliwaonya wasithubutu kuukata mti huo, kwani kuharibu alama ya mpaka ni kosa.

Baba mdogo aliaga. Mama akamfungashia zambarau za wajukuu wake, kwa sababu shemeji ni shemeji.

Walipoondoka, msusi alilia kwa hasira, halafu akachukua brashi nyembamba ya kupakia rangi ya nywele na kumalizia mlango wa kabati, akizunguka shina kwa uangalifu. Mara ya kwanza, ikakauka. Mara ya pili. Kiraka hakikuonekana tena.

Mama hakurudi shambani. Alisimama mbele ya mzambarau, akageuka huku na huku kama mtu anayetafuta jua, halafu akaonyesha upande wa dirisha.

"Kwangu ni huku."

Wakamsogezea kitanda huko. Kule shambani seng'enge haikusogea. Kila asubuhi mama hufagia kutoka dirishani mpaka kwenye mizizi, akaishia hapo. Zambarau zilizoanguka upande wake huziosha na kuzila. Zilizoanguka ng'ambo haziokoti. Mkwewe alipomuuliza sababu, alimjibu bila kuinua kichwa:

"Hizo ni za shemeji."