Kamioneti ya Mali Kauli

Kila jioni, Banza alipofika na gari mbele ya lango lake huko Kikula, mjini Likasi, alipiga honi. Alijua vizuri kwamba ndani hamna mtu. Kufuli alikuwa amelifunga asubuhi kwa mkono wake mwenyewe, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Hata hivyo alipiga, akasubiri kidogo, kisha akashuka akajifungulia. Majirani walikuwa wamezoea. Mwanzoni walicheka, baadaye wakaacha kucheka, na mwisho hawakusema neno lolote. Mtu akifika hapo, ajue kwamba watu wamekwisha kumhurumia.

Honi yenyewe haikuwa ya gari dogo kama lile. Alikuwa ameing'oa kwenye lori bovu, akaifunga kwenye kamioneti yake, pikapu ya mizigo, kwa waya za kuungaunga, na tangu siku hiyo ilikuwa na ugonjwa wake: inakohoa mara mbili, inanyamaza, halafu inalia kwa kirefu kama mbuzi aliyesahauliwa kambani. Binti zake, Elikia na Bénie, waliiita "mbuzi ya papa", yaani ya baba. Zamani mbuzi huyo alipolia kule mwanzo wa barabara, mama yao Alphonsine alikuwa ameshafika langoni, mikono ina unga, na watoto wanasukumana nyuma yake. Katika maisha yake ya ndoa Banza hakuwahi kuligusa lango lile. Bwana huyu alidhani malango yote ya dunia hujifungua yenyewe.

Alphonsine alizaliwa Likasi, akasoma Likasi, akaolewa Likasi. Lakini babu yake alitoka Kasai, na ule mwaka watu walipoanza kuulizana babu zao walitoka wapi, hilo lilitosha. Watu aliokuwa akiwaazima chumvi walikuja kuimba nje ya ua wake kwamba arudi Kasai. Akaenda stesheni na watoto, pamoja na maelfu ya wenzake, wakalala chini kati ya magodoro na masufuria wakingoja treni. Banza, yeye Muluba wa huku huku Katanga, hakuguswa. "Weye ni muntu wa hapa," walimwambia. "Bakia tu." Walisema kama watu wanaompa zawadi.

Naye alibaki. Msimlaani haraka, maana sababu alikuwa nayo, tena aliiamini. Kamioneti ilikuwa bado si yake. Alikuwa ameichukua kwa mali kauli, mkopo wa neno la mdomo tu, kutoka kwa Mzee Yunus, mfanyabiashara mwenye asili ya Kasongo, na gari la watu hulitupi barabarani ukapanda treni. Siku treni ilipokuja, alimshika mke wake mkono dirishani, akasema, "Namaliza kulipa, gari inakuwa yetu, nakuja kuwachukua na yo. Mukisikia mbuzi inalia, mujue ni minye."

Alphonsine alimtazama kwa muda. "Ahadi ni deni, Papa Elikia," alisema, na treni ikaondoka.

Basi Banza akawa na madeni mawili, na kwa kuwa hakuweza kuyalipa yote, alishikamana na lile dogo. Kila Jumamosi, ambayo huku huitwa siku ya posho tangu enzi za makambi ya migodi, alipeleka fungu lake dukani kwa Yunus. Aliwabeba akina mama waliokuwa wakiwapelekea waume zao chakula gerezani Buluo. Aliwabeba wanafunzi wa Mulungwishi na masanduku yao ya bati. Alibeba makaa kutoka upande wa Koni mpaka shati lake likasahau rangi yake. Lakini mji ulikuwa unakauka. Wafanyakazi hawakulipwa, mafuta yaliuzwa kwenye chupa kama dawa, na abiria mmoja alimlipa kwa kuku, mwingine kwa dua. Kadiri siku zilivyokwenda ndivyo mwisho wa deni ulivyosogea mbele, na yeye akiufuata na kamioneti yake, mwaka wa kwanza ukaisha, na wa pili nao ukaanza kuchakaa.

Nyumbani alikula ugali wake amesimama. Kitanda cha watoto alikuwa hajakigusa. Upweke una tabia ya kumfundisha mtu mambo ya ovyo: alianza kuzungumza na kamioneti, akaiambia habari za siku, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiiendesha siku nzima.

Ndipo akaja Augustin, mchuuzi wa samaki wakavu aliyekuwa amethubutu kufika hadi Mwene-Ditu, huko Kasai, na kurudi. Alimkuta Banza akiziba pancha.

"Bibi yako nilimuona," akasema. "Iko muzima. Batoto pia. Elikia anauzisha mikate ku soko."

"Na Bénie?"

Augustin akacheka. "Yule! Analia kama mbuzi, batoto yote banacheka. Nikamuuliza, mbuzi hii ni ya nani? Anasema, ya papa. Nikamuuliza, papa yako iko namna gani?" Hapo kicheko kikamwishia. "Hajui tena, ndugu yangu. Sauti anaijua. Sura, hapana."

Banza aliendelea kuziba pancha ile mpaka Augustin alipoondoka. Kisha akaketi chini, kisogo kwenye gurudumu, akaona jambo ambalo kila mtu Kikula alikuwa ameliona kabla yake. Gari hili halitafika Kasai kamwe. Barabara imekufa, matairi yanakufa, na deni ndilo lenye afya peke yake. Haliwezi kumpeleka kwa watoto wake. Linachoweza ni kumzuia tu, na kazi hiyo limeifanya vizuri sana.

Siku ya posho iliyofuata aliiosha kamioneti, akaifagia hata chini ya kiti, akaipeleka kwa Yunus.

Sasa, mali kauli ya Mzee Yunus haikuwa na karatasi. Siku ya makubaliano, watu wanne walisimama uani kwake, mikono juu ya boneti: Yunus na mkewe Aicha, Banza na mkewe Alphonsine. Yunus alitamka masharti. Ukimaliza, gari ni yako. Ukichoka njiani, unarudisha. Ulichokwisha kutoa kinahesabiwa kuwa ni kodi, na hakuna anayemdai mwenzake. "Lakini," alisema, "midomo iliyofunga ndiyo itafungua. Mutu moja akikosa, kauli inabaki." Banza alikuwa ameitikia huku akiyatazama matairi. Nani hufikiria kurudisha siku anapopokea?

Yunus aliizunguka kamioneti polepole, kanzu ameishika isiguse vumbi. Alisikiliza maneno yote ya Banza bila kumkatiza.

"Nimesikia, Papa Elikia, na gari nimeiona," akasema. "Shahidi yako iko wapi?"

Uso wa Banza ukawaka. "Mzee, si unajua."

"Mi najua. Kauli haijui."

Barazani alikuwapo Numbi, fundi cherehani aliyekodi hapo kwa Yunus, mtu asiyeweza kuona mazungumzo bila kuyatia uzi. "Mzee," akasema, "asiyekuwepo na lake halipo. Yule mwanamuke alishakwenda kwabo. Fungueni tu, biashara iishe."

Numbi alikuwa miongoni mwa walioimba nje ya ua. Banza alijua. Yunus alijua. Cherehani ilikuwa imesimama.

"Kwabo ni wapi, Numbi?" Yunus akauliza kwa upole. "Alizaliwa hapa nyuma ya soko. Mimi nilikula ku ubatizo wake." Kisha akamgeukia Banza. "Siwezi kusema kwamba mutu hakukuwa, na alikuwa. Nikiruka kauli yake leo, basi hata minye nimemufukuza. Rudi na gari yako. Mali ya juma hii usilete."

Banza alisimama pale, amenyimwa hata kushindwa kwake. Alikuwa amejiandaa kwa aibu ya kurudisha, kwa hasara ya jasho la miaka, kwa kutembea kwa miguu mbele ya watu. Hakuwa amejiandaa kuambiwa kwamba kamba iliyomfunga hapa inaweza kufunguliwa tu na yule aliyeko mwisho wa safari.

Pazia la mlango likasogea. Aicha alitoka, mwanamke mnene wa maneno machache, akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Mulomo yake iko hapa," akasema. "Aliniachia."

Wanaume wote watatu wakamtazama.

"Siku ya mbele ya treni, treni bado haijafika, nilimupelekea chai ku stesheni. Akanishika mukono. Akasema: Mama Aicha, siku Papa Elikia ataleta gari, umuambie nimekubali. Mukono yangu uweke weye." Akatazama viganja vyake, kama mtu anayehakikisha kwamba hajamwaga kitu. "Akasema tena: umuambie asikuje na mutokari. Akuje na miguu. Mutokari itamukawisha."

Banza alimsikia vizuri, lakini ilimbidi aulize. "Siku ya mbele ya treni?"

"Ndiyo."

Kwa hiyo, pale dirishani, wakati yeye anaapa kwa mbuzi na magurudumu, Alphonsine alikuwa amekwisha kumfungulia. Alimwacha amalize kuahidi, akamjibu kwa methali, akaenda.

"Mama Aicha!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Nimemaliza miaka mingapi hapa? Juu ya nini haukuniambia?"

Aicha hakukasirika. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Aliniambia, siku ataleta gari. Haukuleta. Kila siku ya posho nasimama nyuma ya pazia hii, nasema, leo ataleta. Unaweka mali ku meza, unaenda. Minye nifanye nini, mwanangu? Ilikuwa kauli. Haikukuwa habari ya kuambia mutu njiani."

Alikuwa amelitunza neno la rafiki yake jinsi alivyokabidhiwa, bila kulipunguza, bila kulisogeza hata siku moja. Banza alitafuta ndani yake hasira ya kumpa, akaikuta, lakini ilikuwa na jina lake mwenyewe. Aicha alikuwa nyuma ya pazia muda wote. Banza ndiye ambaye hakuwahi kuja na gari kwa nia ya kuliacha.

Wakaweka mikono kwenye boneti. Bati lilikuwa la moto. Yunus akasema maneno yake, Banza yake, Aicha yake. Kisha Aicha akaunyanyua mkono wake wa kulia, akaurudisha palepale, na safari hii ulikuwa wa Alphonsine. "Nimekubali," akasema, kwa sauti nyembamba isiyokuwa yake. Hata Numbi aliinamisha kichwa kwenye kitambaa chake.

"Imefunguka," akasema Yunus. Alikohoa, akaigusa honi kwa kidole. "Hii si yangu. Uliiweka mwenyewe. Leta bisibisi uitoe."

Banza aliitazama. Aliwaza jinsi Bénie angeruka akiisikia.

"Iache, mzee," akasema. "Kule sitapiga honi. Nitapiga hodi."

Alirudi Kikula kwa miguu. Njia aliyoijua kwa gia ilikuwa ndefu ajabu, na watu waliomwona walimsalimia kwa sauti ya matangani: "Yambo, Papa Elikia, yambo." Alifungua kufuli, akaingia, akatoa mfuko kabatini. Kwa mara ya kwanza aligusa kitanda cha watoto. Alichukua shuka moja, akaikunja. Treni ilisemekana kuwa itapita kesho, au kesho kutwa, au Mungu akipenda. Safari ilitaka chakula, kwa hiyo akawasha mbabula, lile jiko la makaa, akamimina unga kwenye karai, akakanda mikate. Hakuwahi kukanda. Unga ulimpanda hadi viwikoni.

Jua lilikuwa linazama alipomsikia mbuzi.

Alikohoa mara mbili kule mwanzo wa barabara, akanyamaza, kisha akalia kwa kirefu. Banza hakuwaza. Miguu ilikwisha kuvuka ua, bega likasukuma, lango likafunguka wazi, na yeye akasimama pembeni kumpisha anayeingia.

Kamioneti ilipita. Idi, mtoto wa Yunus, alikuwa kwenye usukani na magunia nyuma, akifukuza kuku barabarani. Alimwona Banza, akampungia mkono kwa heshima, akaenda zake hadi taa nyekundu za nyuma zikapotea kwenye kona.

Banza alibaki langoni. Akaitazama mikono yake, nyeupe kwa unga, akakumbuka ni nani aliyekuwa akisimama mahali hapa, hivihivi, kila jioni. Huko Mwene-Ditu pia magari hupita jioni. Bila shaka yapo yanayokohoa, na wapo wanaokimbilia langoni.

Akalia palepale, bila kujificha, na majirani wakamwona. Kisha akaingia kugeuza mikate isiungue. Lango hakulifunga.