Mpiga Tarumbeta wa Bustani ya Kilimani

Katika bustani yote ya kilimani hapakuwa na kitu cha kumtisha Redio, na kama huamini, muulize mwenyewe. Jina hilo alipewa na wenzake waliotembeza wageni pale. Tofauti ni kwamba redio za watu huzimwa.

Siku hiyo alijitia ushujaa maradufu. Miongoni mwa wageni alikuwamo shangazi wa mchumba wake, mama wa mwili na sauti, aliyekuja kumpima. Neno lake moja tu, ndoa ipo au haipo.

"Shangazi, mimi na woga hatujawahi kusalimiana. Uliza kilima chote."

"Kilima hakisemi, baba. Twende."

Redio akawaeleza wageni jinsi kilima kilivyokuwa jabali tupu, udongo ukapandishwa vikapuni hadi waridi likaota juu ya mwamba. Likajengwa banda la muziki, na mbele yake sakafu ya dansi ya vigae vyekundu. Jumapili watu walipanda na viatu vya kung'aa, wakashuka wamevibeba mkononi. Kisha pampu ya maji ikafa, maua yakakauka, wanamuziki wakatawanyika. Magugu yakacheza peke yao miaka mingi, mpaka bustani ilipofunguliwa upya.

Hayo ni kweli. Lakini kweli tupu haimpati mtu mke, kwa hiyo Redio akatia chumvi: "Mpiga tarumbeta mmoja alikataa kushuka. Akapiga mpaka akaanguka korongoni. Ukungu ukipanda, hurudi kutafuta wa kucheza naye."

Shangazi akasema miguu inamwaka moto, anatafuta pa kukaa, wao waendelee.

Hawajafika bandani, ukungu ukapanda. Ukameza waridi, ukameza ngazi, ukameza wageni mmoja mmoja. Ndipo ikasikika sauti kutoka upande wa korongo, nzito, ya kukwaruza: Puuu!

Redio akarudi nyuma hatua mbili. Alijua fika marehemu huyo kamtunga mwenyewe, juzi, akinywa chai. Lakini marehemu, yaelekea, hakuambiwa. Puuu! Karibu zaidi sasa, na kitu kikiburuzwa juu ya vigae: swaaa, swaaa.

Wageni? Kila mtu na mama yake! Redio alitimua mbio, akaugonga mti, akauomba radhi, akapapasa hadi kibanda cha tiketi, akajitupa ndani gizani na kukumbatia gunia lililokuwa kwenye kiti.

"Nisamehe, babu! Nilitia chumvi tu! Kama unataka wa kucheza naye, wageni wako huko nje, chukua yeyote! Yule mama mnene ana nguvu!"

 Swaaa, swaaa, hadi mlangoni. Akachungulia ufa kwa jicho moja.

Mtunza bustani alikuwa akipita, akiburuza mpira wa maji. Akasimama, akautia mdomoni, akaupuliza kutoa tope. Puuu! Kuwe na ukungu au kusiwe, maua yake yalikuwa na saa ya kumwagiliwa.

Redio akajipangusa, akatoka kifua mbele. Wageni walikuwa wakijikusanya, wakitetemeka.

"Msihofu! Nimemfukuza hadi korongoni. Na shangazi nimemficha mahali salama."

Mlango wa kibanda ukalia nyuma yake.

"Salama kweli," akasema shangazi, akinyoosha kanga iliyokunjamana. "Umenikumbatia mpaka mbavu zinauma. Sasa, mkwe, huyo mama mnene uliyekuwa ukimgawa ni nani?"